Gari linatetemeka kwenye sailensa na linakunywa mafuta: huenda ni hitilafu mbili, si moja

Ndugu yangu, umeeleza kwamba gari lako linatetemeka likiwa limesimama huku injini inawaka, kwamba petroli inaisha upesi, na kwamba kubadilisha plagi na koili hakukusaidia kitu. Ninakujibu kwa urefu kwa sababu nilipita njia hiyo hiyo, nikanunua vipuri ambavyo gari halikuvihitaji.

Kosa langu lilikuwa kuamini kwamba dalili mbili zilizojitokeza pamoja lazima ziwe na chanzo kimoja. Sailensa, yaani mzunguko wa injini ikiwa inawaka bila kukanyagwa, ilikuwa inapanda na kushuka hadi usukani unatetemeka mikononi, na gari lililokuwa linakwenda kilomita 12 kwa lita moja likawa linakwenda 9. Nilishauriwa kubadilisha sensa ya oksijeni, nikabadilisha, na hali ikabaki ile ile.

Kilichonifumbua macho ni mashine ya kusomea injini, na hasa zile namba zinazobadilika injini ikiwa inawaka. Tazama masahihisho ya mafuta, yaani asilimia ya petroli ambayo kompyuta ya gari inaongeza au kupunguza ili mchanganyiko ubaki karibu na gramu 14.7 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Yapo ya muda mfupi na ya muda mrefu, yajumlishe. Jumla ikiwa haizidi asilimia 10 juu au chini, kwa kawaida hakuna cha kuhangaikia. Gari langu lilionyesha nyongeza ya asilimia 23 kwenye sailensa, lakini nilipokanyaga hadi mizunguko 2,500 kwa dakika na kushikilia hapo, nyongeza ilishuka hadi 4. Tofauti hiyo ilinionyesha kwamba kuna hewa inayoingia bila kupimwa: kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo, kwa hiyo tundu dogo tu linavuruga hesabu nzima, ilhali ukikanyaga, hewa inayopita mlango wake halali ni nyingi mno kiasi kwamba ile ya pembeni haina uzito. Kama nyongeza ingezidi kupanda kadiri ninavyokanyaga, ningeshuku pampu ya mafuta, chujio lake, au sensa ya hewa iliyochafuka; na kama kompyuta ingekuwa inapunguza petroli, ningeanza na nozeli (kinyunyizio cha petroli) inayovuja.

Nilizima injini, nikaiacha ipoe, kisha nikapapasa mipira (mabomba ya mpira) yote iliyo nyuma ya throtoli, yaani mlango wa hewa wa injini, mmoja baada ya mwingine. Ule mfupi unaopinda chini ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda, ulionekana mzima, lakini nilipoukunja kwa vidole, ufa wa karibu sentimita 1 ulifunguka upande wa ndani, kwenye mpira uliokwisha kukauka na kuwa mgumu. (Nakusihi usitafute uvujaji kwa kunyunyizia petroli kwenye injini yenye moto, hata ukiona fundi anafanya hivyo; iko mashine ya moshi, inayopuliza moshi ndani ya mabomba ili uonekane unapotokea, kwa kazi hiyo.) Nilifunga mpira mpya, na sailensa ikatulia kwenye mizunguko 700 kwa dakika.

Unywaji wa mafuta, hata hivyo, haukubadilika sana. Nikarudi kwenye mashine, na safari hii nikatazama joto la maji ya injini: baada ya nusu saa ya mwendo wa barabara kuu lilikuwa nyuzi 66, wakati injini nyingi hufanya kazi kati ya 85 na 95. Thamostati, yaani vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta hadi injini ipate moto, ilikuwa imekwama ikiwa wazi. Injini isiyopata moto wake inaendelea kupewa petroli ya ziada, oili yake inabaki nzito, na giaboksi ya otomatiki inaweza kuzuiwa kujifunga moja kwa moja na injini, ikapoteza nguvu njiani. Sensa ya joto ilikuwa nzima na ilisema kweli, taa ya injini haikuwaka, na mshale wa dashibodi ulikaa chini kidogo ya katikati, mahali nilipokwisha kupazoea. Thamostati mpya iliwekwa, na katika matangi matatu yaliyofuata nikarudi kwenye kilomita 12 kwa lita.

Kwa hiyo kabla hujanunua kipuri kingine, endesha gari nusu saa, kisha uniandikie namba tatu: masahihisho ya mafuta kwenye sailensa, masahihisho hayo kwenye 2,500, na joto la maji.