Beji yako ya mionzi usiifiche kwenye droo

Napiga eksirei mwaka wa 14 huu, na wadogo zangu wanaotoka chuo swali lao ni lile lile, "kaka, hii kazi haitatupa kansa kweli?" Huwa nawaambia ukifuata taratibu hatari ipo ila ni ndogo sana, ukifanya kwa mazoea hapo sikuhakikishii kitu.

Wamarekani wamewafuatilia wapiga eksirei zaidi ya laki moja tangu miaka ya 1980, na kansa ya damu na ya matiti ilizidi hasa kwa walioanza kazi kabla ya 1950, enzi hizo kinga ilikuwa duni na dozi kubwa. Sisi tuna nafuu, tatizo letu ni uzembe.

Mimi mwenyewe kituo cha kwanza beji yangu ya TLD (kile kifaa kidogo cha kupima mionzi unayopata kazini) nilikuwa naiacha imebanwa kwenye eproni, lile vazi zito la madini ya risasi la kuzuia mionzi, na eproni inaning'inia ndani ya chumba cha mashine kutwa nzima. Baada ya miezi mitatu majibu yakarudi yako juu mno, nikaitwa kujieleza. Dozi ile iliipata beji sio mimi, sawa, lakini mimi nilipata kiasi gani? Hakuna anayejua. Na wengine wanafanya kinyume, wanaifungia droo ili namba isilete maswali, yaani mtu anakwepa mizani halafu anasema amepungua! Beji haikukingi na chochote jamani, inahesabu tu. Kikomo chetu wafanyakazi ni milisiveti (kipimo cha dozi ya mionzi) 20 kwa mwaka kwa wastani wa miaka mitano, na mwaka mmoja usivuke 50, anayepigia nyuma ya ukuta kwa kawaida yuko chini sana ya hapo.

Kasheshe iko thieta (chumba cha upasuaji), na kwa watoto, maana hapo unasimama karibu na mgonjwa. Mionzi mingi inayotufikia sisi inatawanyika kutoka kwenye mwili wa mgonjwa, so rudi nyuma, umbali ukiwa mara mbili dozi inabaki kama robo. Mtoto akisumbua ashikwe na mzazi aliyevaa eproni (asiwe mjamzito), sio wewe, maana yeye anashika leo tu, wewe kesho yupo mwingine na keshokutwa mwingine.

Halafu eproni zenyewe. Siku moja niliilaza yetu mezani nikaipiga eksirei, nikitegemea nione nyeupe tupu, nikakuta pale kiunoni tulipozoea kuikunja na kuibwaga kwenye kiti pana mistari myeusi imepasuka kama tope la bwawa lililokauka. Na tulikuwa tunaivaa hivyo hivyo! Siku hizi natundika kwenye hanga na kila mwaka lazima niipige.

Dada zangu, ukijua una mimba sema siku hiyo hiyo, mtoto tumboni kikomo chake ni milisiveti 1 tu kwa muda uliobaki, sio lazima uache kazi, unaweza kuhamishiwa ultrasaundi.

Na ukihama kituo omba rekodi yako ya dozi kwa maandishi. Mimi sikuomba, nilipokuja kupiga simu nikaambiwa kabati la mafaili lilihamishwa na aliyekuwa na funguo kashastaafu, mpaka leo miaka minne ya mwanzo sina hata karatasi moja.