Okidi Yangu Inanyauka Ilhali Naimwagilia Kila Siku

SWALI: Mtaalamu wa bustani, salaam. Mwezi wa nne binti yangu aliniletea okidi yenye maua meupe kutoka Dar es Salaam. Maua yalipopukutika niliihamishia katika chungu, nikaishindilia udongo mweusi uliochanganywa na samadi, nikawa naimwagilia asubuhi na jioni kama ninavyofanya kwa mawaridi yangu. Sasa majani yamelegea na kukunjamana, na mawili ya chini yamekuwa ya manjano. Je, nizidishe maji?
Mama wa Isevya, Tabora

JIBU: Shikamoo Mama. Tafadhali usizidishe. Ni kweli kwamba majani yaliyokunjamana ni dalili ya kiu, lakini yaelekea mmea wako una kiu kwa sababu mizizi yake imeoza, na mzizi uliooza haunywi hata ukizamishwa kisimani. Kwa jinsi ulivyoieleza, nadhani okidi hiyo ni Phalaenopsis, ambayo asili yake ni misitu ya joto ya Asia, ambako haioti ardhini bali hushikilia magome ya miti na kuacha mizizi ikining'inia hewani. Mizizi hiyo imevikwa ganda kama sifongo, linalofyonza maji ya mvua upesi na kukaushwa na upepo. Ukiifukia katika udongo uliolowa, inakosa hewa.

Itoe chunguni, uisafishe mizizi kwa maji, kisha uipapase mmoja mmoja. Ulio mgumu uuache. Ulio laini na wa kahawia uukate kwa mkasi uliopitishwa kwanza kwenye moto. Hata ikibaki miwili au mitatu tu, usikate tamaa. Uache mmea kivulini kwa siku moja ili majeraha yakauke.

Chungu kisiwe kikubwa. Mimi hupendelea kopo la plastiki linaloonyesha ndani, lililotobolewa matundu chini na ubavuni kwa msumari wa moto, kwa sababu huniwezesha kuiona mizizi bila kuifukua. Badala ya udongo, tia vipande vya mkaa vyenye ukubwa wa ncha ya kidole gumba (na mkaa si bidhaa adimu Tabora), pamoja na makumbi makavu ya nazi yaliyokatwakatwa na kulowekwa mara kadhaa ili chumvi itoke. Shina likae juu, lisifukiwe.

Kuhusu maji, rangi ya mizizi ndiyo itakayokuongoza: ikiwa ya kijani, bado ina maji, ikigeuka ya kijivu, tumbukiza kopo katika beseni la maji kwa dakika 10, kisha uliache lichuruzike kabisa. Wakati wa masika huenda ukafanya hivyo mara moja kwa wiki, ilhali katika kiangazi cha huko, upepo unapokausha kila kitu, huenda ikawa kila baada ya siku tatu au nne. Maji yasituame katikati ya majani, kwani huozesha kitovu cha mmea, na hapo hakuna dawa. Ukiweza kukinga maji ya mvua, ni bora kuliko ya kisima chenye chumvi.

Uweke kwenye kibaraza chenye mwanga usio wa jua kali, na usiku wa Juni na Julai uuingize ndani. Majani ya zamani huenda yasinyooke tena, kwa hiyo usiyahesabu. Tazama ncha ya kijani ya mzizi mpya. Kabla ya kuiona, usitie mbolea yoyote, na samadi ibaki kwa mawaridi.