Maswali ya Wasomaji: Shilingi Mbili za 1889, Vichwa Viwili

SWALI: Mhariri, pokea salamu zangu. Katika mfuko wa sarafu za fedha za Uingereza niliouziwa kwa jumla, nimekuta shilingi mbili za mwaka 1889. Zote zina sura ya Malkia Victoria mwenye taji dogo utosini, lakini kichwa cha moja ni kikubwa kuliko cha nyingine. Imo pia sarafu ya peni sita ya mwaka 1887 yenye mabaki ya rangi ya dhahabu kwenye mashimo ya nakshi. Muuzaji aliziita zote sarafu za “kichwa chenye ushungi”. Je, jina hilo ni sahihi, na je, shilingi mojawapo ni bandia?

JIBU: Ndugu msomaji, tuanze na jina, kwa sababu kosa la muuzaji wako hufanywa na wengi. Ushungi upo katika sura mbili za Malkia huyo, si moja. Sura ya kwanza kabisa, ya William Wyon, iliyoanza kutumika mwaka 1838, inamwonyesha msichana aliyefunga nywele kwa utepe, na hiyo haina utata. Mwaka 1887, Malkia alipotimiza miaka 50 ya utawala, ilitolewa sura ya Joseph Edgar Boehm, ambayo ina ushungi unaoteremka nyuma ya kichwa na taji dogo lililokaa juu ya ushungi huo. Taji hilo lilidhihakiwa sana, kwa kuwa linaonekana kama litaanguka Malkia akigeuza shingo, ingawa ni taji la kweli alilotengenezewa mwaka 1870 ili aweze kulivaa pamoja na vazi lake la ujane. Sura ya Thomas Brock, iliyoanza mwaka 1893, ndiyo ambayo wakusanyaji huiita ya ushungi: hapo kitambaa kimelifunika taji lenyewe, na uso ni wa mwanamke mzee. Kwa hiyo usiulize kama ushungi upo, bali uulize kama uko juu ya taji au chini yake. Zako, kwa maelezo uliyotoa, ni za Boehm.

Sarafu iliyosagika hata taji lisionekane vizuri bado inaweza kutambuliwa kwa maandishi. Katika shilingi ya Boehm maandishi huishia na F:D:, kifupisho cha cheo cha mlinzi wa imani. Katika ile ya Brock yameongezwa IND. IMP., yaani Malkia wa Dola ya India, cheo ambacho Victoria alikuwa nacho tangu mwaka 1876 lakini kikachelewa hivyo kufika kwenye fedha za Uingereza. Upande wa nyuma nao husaidia: shilingi ya Wyon ina thamani iliyoandikwa ndani ya shada la majani, ya Boehm ina ngao moja yenye taji iliyozungukwa na mkanda, na ya Brock ina ngao tatu.

Sasa tuje kwenye shilingi zako mbili. Tofauti ya ukubwa wa kichwa peke yake haithibitishi ubandia. Shilingi za Boehm zilianza na kichwa kidogo mwaka 1887, kisha mwaka 1889 kikaletwa kichwa kikubwa kilichoendelea hadi mwaka 1892, na kwa sababu hiyo mwaka 1889 una aina zote mbili. Ile ya kichwa kidogo ya mwaka huo ndiyo adimu. Usipime kichwa kwa macho matupu wala kwa picha, maana picha mbili hazipigwi kwa umbali mmoja. Ziweke sarafu bega kwa bega chini ya lenzi, kisha utazame nafasi iliyobaki kati ya kichwa na mzunguko wa maandishi. Kwenye kichwa kikubwa nafasi hiyo imebanwa waziwazi. Baada ya hapo zipime zote mbili: shilingi isiyochakaa ina gramu 5.65 na kipenyo cha takribani milimita 23.6, na iliyotumika sana hupungua kidogo. Ikiwa mojawapo ni nyepesi mno, au ina mshono unaokatiza meno ya ukingoni, hapo ndipo shaka ina haki.

Ile ya peni sita inanivutia zaidi. Geuza uone upande wa nyuma. Ukikuta ngao ndani ya mkanda, bila thamani kuandikwa popote, basi ni toleo lililosimamishwa mwaka uleule wa 1887, kwa kuwa lilifanana mno na nusu soverini ya dhahabu, nayo ilikuwa na kipenyo karibu sawa. Walaghai waliipaka dhahabu na kuitoa kama sarafu ya shilingi kumi, yaani mara 20 ya thamani yake. Mkono makini ungeitambua, kwa kuwa nusu soverini ina karibu gramu 4 na peni sita haifiki 3. Toleo lililofuata lilirudishiwa maneno SIX PENCE ndani ya shada. Mabaki ya dhahabu hayatoshi kuthibitisha ulaghai, maana sarafu nyingi zilipakwa ili zivaliwe kama mapambo, lakini nakuomba usiyasugue: ukiyaondoa utakuwa umefuta historia ya sarafu hiyo na kuikwaruza juu yake.

SWALI: Ninazo sarafu mbili za fedha za George V za mwaka 1926, na nimesikia kwamba sura yake ilirekebishwa mwaka huo. Niangalie wapi?

JIBU: Angalia herufi za mchongaji Bertram Mackennal chini ya shingo. Katika sura ya awali zimeandikwa B.M. kwa nukta, katika iliyorekebishwa nukta zimeondolewa, na herufi zimesogea karibu na upande wa kisogo. Shanga za ukingoni pia ni kubwa na zimejitokeza zaidi. Tumia mwanga wa pembeni, kwa maana mwanga unaotoka juu moja kwa moja huzifuta nukta hizo machoni.