Pale panaponoga paitweje?

Ndugu, umeuliza neno la kueleza pale jambo linapofikia utamu wake wote, ukapendekeza "kilele". Si kosa, ila mimi nalisikia rasmi mno. Kilele ni ncha ya mlima au mti, na siku hizi makazi yake ni kwenye hotuba: kilele cha maadhimisho, kilele cha kampeni.

Kwa simulizi yako ningetumia "kunoga". Ngoma inanoga, soga zinanoga. Mtu aliyekuwa ameshika viatu mkononi tayari kuondoka anavibwaga chini na kukaa tena. Hapo imenoga!

"Kupamba moto" nako kuzuri, lakini angalia: hata ugomvi na vita hupamba moto, wala havinogi. "Kufana" husemwa zaidi mambo yakishaisha: sherehe ilifana.

Kuna na "patamu", nilipendalo kuliko yote. Hiyo pa- ni ya mahali, kana kwamba utamu una kituo chake njiani. Msimuliaji akifika hapo, kwa uchokozi tu, hukohoa na kuomba maji. Andika "tulipofika patamu", wasomaji watakuelewa bila maelezo.