Seli inajuaje iwe neva au iwe ngozi?

SWALI: Nasomea biolojia chuoni. Tunafundishwa kwamba seli zote za kiinitete zina jeni zilezile, kwa sababu zote zimetokana na yai moja lililorutubishwa. Sasa inakuwaje seli moja iwe ngozi na jirani yake iwe ubongo? Je, kuna jeni ya ubongo inayowashwa?

JIBU: Jeni moja ya ubongo haipo. Tena, kwa wanyama wenye uti wa mgongo mambo yako kinyume na vile wengi tunavyodhani: seli za tabaka la nje la kiinitete zina mwelekeo wa kuwa neva tangu mwanzo. Zinazopewa amri ni zile zinazokwenda kuwa ngozi.

Ilichukua takriban miaka sabini kulijua hilo. Mwaka 1924, huko Ujerumani, Hans Spemann na mwanafunzi wake Hilde Mangold walichapisha jaribio ambalo mpaka leo siwezi kulifundisha bila kusisimka. Walichukua kiinitete kichanga cha salamanda, wakakata kipande kidogo sana pale juu ya tundu ambamo seli huanza kuingia ndani, wakakipandikiza upande wa tumbo wa kiinitete cha salamanda wa jamii nyingine mwenye seli za rangi tofauti. Tumboni pakaota kiinitete cha pili, chenye uti wa mgongo wake, kikiwa kimeshikana na mwenyeji kama pacha. Ukitazama rangi, neva za pacha huyo karibu zote zilitokana na seli za mwenyeji, zile ambazo zingekuwa ngozi ya tumbo. Spemann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1935. Hilde hakuiona, alifariki mwaka uleule wa 1924, akiwa bado kijana.

Kipande kile kiliitwa mratibu, na watafiti wakahangaika kutafuta kemikali inayosema “kuwa neva”. Miaka ya 1990, kwa kutumia vyura, zikapatikana protini kama Noggin na Chordin. Lakini hazitoi amri yoyote ya kuwa neva. Zinainasa protini nyingine, BMP4, isifike kwenye vipokezi vya seli. BMP4 ndiyo inayosema “kuwa ngozi”. Utaliona hilo ukitenganisha seli za tabaka la nje la kiinitete cha chura, kila moja ikakaa peke yake kwenye maji ya maabara: ujumbe wa majirani unapotea, na seli zinageuka neva. Ongeza BMP4, zinageuka ngozi. Hapo sijamaliza yote, maana kwa kuku kuzuia BMP peke yake hakutoshi. Ishara za FGF, protini nyingine za kupeleka ujumbe kati ya seli, nazo zinahitajika mapema.

Baada ya hapo bamba la neva, yaani utando wa seli zilizokwisha kuelekea kuwa neva, hujikunja kuwa mrija. Ukifungua yai la kuku lililoatamiwa kwa saa 28 hivi, ukalitazama kwa hadubini, utaona kingo mbili zimeinuka kama midomo na zimeanza kugusana upande wa kichwa, huku nyuma bado pako wazi. Kwa binadamu mrija huu hufungwa kufikia takriban siku ya 28 tangu kutungwa mimba, mara nyingi mama hajajua kama ana mimba. Ndiyo maana mikrogramu 400 za asidi ya foliki kwa siku zianze kabla ya mimba. Kusubiri kliniki ya kwanza kunaweza kuwa kumechelewa kuzuia mgongo wazi.

Sasa mrija upo. Nani awe neva ya kusukuma misuli, nani ya kupokea hisia? Chini ya mrija kuna notokodi, ufito wa seli unaopita katikati ya mgongo wa kiinitete, inayotoa protini ya Sonic hedgehog. Karibu nayo protini ni nyingi, ukipanda juu inapungua, na seli husoma kiasi hicho pamoja na muda inaokaa ndani yake. Penye kiasi kikubwa huwaka jeni Nkx2.2, juu zaidi hubaki Pax6. Hizi mbili huzimana: seli yenye moja huifunga nyingine, ndipo mpaka unakuwa mkali badala ya kufifia polepole. Ukipandikiza notokodi ya ziada ubavuni mwa mrija wa kuku, neva za misuli zitaota hapo ubavuni.

Kutoka kichwani kwenda mkiani, kazi ya kuiambia seli iko sehemu gani ya mwili ni ya jeni za Hox. Binadamu ana 39, zimepangwa katika mafungu manne, na mpangilio wake kwenye kromosomu unafuata mpangilio wa mwili.

Kuhusu neno lako “kuwashwa”, tazama yaliyowapata kondoo wa Idaho, Marekani. Majike waliokula mmea wa Veratrum californicum karibu na siku ya 14 ya mimba walizaa wanakondoo wenye jicho moja katikati ya uso. Mmea huo una siklopamini, inayoziba njia ya ujumbe wa Sonic hedgehog ndani ya seli. Jeni za wanakondoo hao hazikuwa na kasoro. Ujumbe ulitumwa, seli za ubongo wa mbele hazikuusikia, na eneo la macho halikugawanyika mara mbili.