Beringi haiendi kuharibika

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mimi ni fundi mitambo katika kiwanda cha plastiki hapa Dar es Salaam. Tumefungiwa vihisi kwenye mashine zote, vinapima joto na mtetemo na kutuma taarifa kwa njia ya intaneti, na uongozi umetundika bango getini: “Karibu Kiwanda Janja”. Mwenzangu anasema ilitakiwa iwe “Kiwanda Mahiri”. Nani yuko sahihi? Nauliza kwa sababu teknolojia hii inakwenda kuleta mapinduzi makubwa ya uzalishaji nchini, na ni vizuri tukaanza na Kiswahili sanifu.

JIBU: Marahaba, fundi. Mwenzako kakushinda. Nitaeleza kwa kifupi, maana barua yako imebeba jambo jingine ambalo hukuliuliza, na ndilo lililonifanya niache chai ipoe.

Janja ni kivumishi kinachovaa sare ya ngeli: mtu mjanja, watu wajanja, mji mjanja, miji mijanja. Kiwanda ni cha ki-, kwa hiyo kama mlitaka ujanja basi ni “kiwanda kijanja”, na vikiwa vingi “viwanda vijanja”. Mwandika bango ameazima kutoka “simu janja”, ambayo imekwisha kukaa na sina nguvu ya kuing’oa, akadhani janja ni neno lisilobadilika. Lisilobadilika ni mahiri, lililotoka Uarabuni na kukataa sare: fundi mahiri, mafundi mahiri, kiwanda mahiri, viwanda mahiri. Halafu kuna suala la heshima. Najua mjini siku hizi “mjanja” ni sifa, lakini sokoni bado ni tuhuma. Ukiniambia muuza nyanya wa Buguruni ana mizani janja, nitabeba kikapu changu na kwenda kununua kwingine.

Limekwisha hilo. Sasa tukae.

Umeandika kwamba teknolojia “inakwenda kuleta” mapinduzi. Inakwenda wapi, fundi? Imepanda gari gani? Hukuanza wewe, najua. Umeambukizwa. Nenda viwanja vya Sabasaba Julai, pale Barabara ya Kilwa, usimame kwenye banda lolote lenye kipaza sauti. Mashine inakwenda kuongeza tija. Mradi unakwenda kugusa wananchi. Mfumo unakwenda kuwa mkombozi. Ukifungua redio kwenye daladala ukirudi, mambo ni yaleyale, na siku ya bahati mbaya utamsikia mtu akisema “tunakwenda kwenda mbele”. Tukiendelea hivi, -ta- itabaki kwenye vitabu vya darasa la tatu tu.

Sina ugomvi na kitenzi kwenda. Kina kazi yake ya halali, nayo ni ya miguu. “Fundi anakwenda kuchukua spea Gerezani” ni sentensi safi: katoka karakanani, yuko njiani, na akifika atachukua. Hata mtangazaji wa mpira anaposema beki “anakwenda kupiga kona” namwachia, kwa sababu namwona beki akitembea kuelekea kwenye kibendera. Akisema “tunakwenda kumaliza dakika 90” nazima redio. Saa haina miguu, na serikali haina, na teknolojia nayo haina, hata ile yenye magurudumu.

Mtu akikubishia, mwambie aikanushe sentensi yake. “Teknolojia inakwenda kuleta mapinduzi” ikikanushwa inakuwaje? “Teknolojia haiendi kuleta mapinduzi”? Hakuna anayesema hivyo. Hapo wote hurudi nyumbani kwa adabu: “haitaleta”. Muundo unaofanya kazi kwenye ndiyo na kuzirai kwenye hapana haujawa wetu. Tumeuokota katika haraka ya kufasiri taarifa za habari. Kiingereza kina desturi ya kulitumia neno lake la kwenda kutaja jambo la baadaye, ni haki yao, mababu zao waliwaachia. Sisi tuliachiwa -ta-, nayo ni nafuu. Italeta ni silabi 4. Inakwenda kuleta ni 7. Zihesabu hizo za ziada katika hotuba ya saa nzima, halafu uniambie wananchi wameguswa na nini.

Lakini uvivu wa masikio yangu usingetosha kuandika ukurasa mzima. Kinachoniudhi ni kwamba wewe, fundi, kati ya watu wote wa mji huu, ndiye unayeihitaji -ta- kuliko mwanasiasa yeyote. Chukua beringi moja, ile pete ya chuma yenye gololi ndani inayoushika mhimili uzunguke bila kusuguana. Tuseme ni ya mota inayoendesha pampu ya haidroliki katika ile mashine inayosukuma plastiki iliyoyeyuka kwenye kalibu.

Mafundi wengi wa kale waliitengeneza mashine kwa -me-. Beringi imekufa, mota imeungua, zamu nzima imekaa chini inapiga soga, ndipo anaitwa fundi. Kisha wakaja wenye ratiba, watu wa hu-: beringi za aina hii huchoka baada ya saa kadhaa za kazi, basi zitolewe zote siku hiyo ikifika, zilizochoka na zisizochoka. Ni afadhali, ila kila mara unatupa beringi iliyokuwa bado na maisha yake, na nyingine iliyofungwa vibaya inakufa kabla ya ratiba kama kawaida.

Hapo katikati alikuwapo fundi aliyejua kusikiliza. Namkumbuka wa mtaani kwetu, alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi na mpini sikioni, anafumba macho, kisha anasema: “Hii itakufa.” Hakusema inakwenda kufa. Alisema itakufa, na wenye mashine wakatafuta hela. Vihisi mlivyofungiwa ni bisibisi ile, ila haichoki sikio wala haiendi kula. Kihisi kimegandishwa kwenye mwili wa mota, kinapima mtetemo mchana na usiku, kinaupeleka kwenye kompyuta, na kompyuta inaulinganisha na ule wa siku mota ilipokuwa nzima. Ufa mdogo kwenye njia ya gololi huanza kwa kubadili mtetemo, tena ule wa kasi kubwa ambao sikio halisikii. Kelele hufuata baadaye. Joto la kuunguza kiganja mara nyingi ni dalili ya mwishomwisho. Kwa hiyo kati ya mtetemo na moshi kuna muda, wa siku au wa wiki kadhaa, na muda huo ndio bidhaa mliyonunua. Kampuni iliyowauzia vihisi haikuwauzia chuma na waya. Imewauzia -ta-. Beringi itaharibika, kwa hiyo agiza nyingine sasa, na mashine izimwe Jumapili badala ya kufia katikati ya oda.

Sasa mpe msimamizi wa zamu taarifa kwa lugha ya Sabasaba: “Beringi namba mbili inakwenda kuharibika.” Afanye nini? Imekwisha kuanza kuharibika, azime mashine dakika hii? Itaharibika wiki ijayo, atume mtu Gerezani asubuhi? Huharibika kila mwaka, ameze mate aendelee? Sentensi moja, maamuzi matatu, na mawili kati ya hayo ni ya hasara. Kwenye jukwaa utata huu ni starehe, maana msemaji hafungwi na tarehe. Kwenye ubao wa zamu ni mota iliyoungua.

Tena si -ta- peke yake. Ukitazama vizuri, kiwanda chenu chote kinaendeshwa kwa viambishi vya nyakati. Kile kisanduku cha udhibiti kwenye kabati la umeme, ambacho babu yake alibuniwa mwishoni mwa miaka ya 1960 na Dick Morley na wenzake kwa ajili ya kampuni ya magari ya General Motors, kinafikiri kwa -ki- tu: joto likizidi kiwango, punguza, mlango ukifunguliwa, simama. Na wale wanaotengeneza nakala ya kiwanda ndani ya kompyuta, inayoitwa pacha wa kidijitali, wanacheza na -nge-: tungeongeza kasi, kalibu ingepoa kwa wakati? Kiswahili kina chombo cha kila mojawapo ya kazi hizi, kidogo, chepesi, kimekaa palepale kwenye kitenzi. Halafu sisi tunakiacha kabatini na kwenda kuazima jembe la jirani.

Na hata kama ningekuruhusu wakati ujao, mapinduzi unayoyasema hayako huko. Roboti la kwanza la kiwandani, Unimate, liliingia kazini New Jersey, Marekani, mwaka 1961, mwaka uleule Tanganyika ilipopata uhuru. Wajerumani walipozindua jina la Industrie 4.0, yaani mapinduzi ya nne ya viwanda, katika maonesho ya Hannover mwaka 2011, mashine zilizounganishwa zilikuwa tayari sakafuni, wao walizipa chapa. Na kwa barua yako mwenyewe, vihisi vimefungwa, vinapima, vinatuma. Sasa “inakwenda kuleta” ya nini? Sema imeleta. Ukiona haya kuringa, sema inaleta. Ukiona bado haijafika kwa wenzenu wa viwanda vidogo, ambako hata umeme wenyewe hukatika kabla ya chai ya saa nne, sema haijaleta. Zote hizo ni kauli za mtu mzima anayejua anachokitazama. “Inakwenda kuleta” ni kauli ya mtu aliyesoma kipeperushi.

Nimechunguza pia lini watu hawaitumii. Mei 2024, mikongo ya chini ya bahari ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, sikumsikia mtu wa Kariakoo akilalamika kwamba intaneti inakwenda kusumbua. Walisema imekata, kisha wakasema imerudi. Shida tunaisema kwa kitenzi kilichonyooka. Ahadi ndiyo tunayoifunga safari. (Na kwa kuwa umo kwenye biashara hiyo: hakikisheni udhibiti wa mashine unabaki humohumo kiwandani, ili mkongo ukipata ajali baharini mkose taarifa tu, msikose uzalishaji. Hili si swali la lugha, lakini nalo linahusu -ki-.)

Wapo watakaonitetea muundo huo kwa hoja moja nzuri, nayo sitaificha. Wanasema “inakwenda” inaonyesha jambo lililo karibu zaidi, lenye uhakika kuliko “ita-”. Nawajibu kwamba karibu tunayo. Beringi iko karibu kuharibika. Beringi imeanza kuharibika. Ama sema kama bibi zetu wa pwani wanavyosema wakitazama wingu la Kigamboni: mvua inataka kunyesha. Beringi inataka kuharibika. Hiyo ndiyo lugha yenyewe, na fundi mwenye bisibisi angeielewa mara moja.

Na hapo ndipo wanaisimu hunitegea shimo, kwa sababu -ta- yenyewe imezaliwa na kutaka. Ukoo unaonekana wazi kwenye vitenzi rejeshi: beringi itakayoharibika, fundi atakayekuja, siku zitakazofuata. Hapo zamani mtu alisema anataka kuja, kutaka kukafupika, kukaganda, kukawa wakati ujao. Basi, wananiambia, kutaka kulifanya safari hiyo, kwa nini kwenda kuzuiwe? Vitenzi vya kwenda vimegeuka wakati ujao katika lugha nyingi duniani, zikiwamo za Kibantu. Sina jibu la kuwanyamazisha. Jibu langu ni la mhariri: siku muundo huo utakapoweza kujikanusha bila kuzirai, na siku utakapoifanya kazi ambayo -ta- haiifanyi, nitaupokea, nitaukaribisha na chai. Mpaka sasa unafanya kazi ileile kwa silabi nyingi zaidi na maana pungufu, na kalamu yangu nyekundu bado ina wino.

Kwenye mazungumzo ya kijiweni semeni mtakavyo, sitawafuata huko. Kwenye taarifa ya zamu, kwenye mwongozo wa mashine na kwenye ujumbe ambao kompyuta itawatumia saa nane za usiku, andikeni itaharibika. Mkiweza ongezeni na lini.

Kuhusu ndugu yake aitwaye “tumeweza kufunga vihisi”, wakati vihisi vimefungwa na hakuna aliyekuwa na shaka kwamba mngeweza, nashukuru hukumleta kwenye barua. Mtu mwingine aniulize wiki ijayo, presha ikishuka.