Maswali ya Wasomaji: Maongezi ya Simu Yakitaka Kuwa Makala

SWALI: Hamjambo wahariri. Nauza omena, dagaa wa ziwani, hapa Kisumu. Kwa miaka mitatu mimi na wifi yangu aliye Homa Bay tumetumiana jumbe za sauti kuhusu kuanika, kupima na kusafirisha. Kila anayeanza biashara hii ananiuliza yale yale, nikaona heri niandike. Lakini nikishika kalamu, maneno yananiruka. Nianzie wapi? – Muuza omena, Kisumu

JIBU: Mama, anzia kwa swali la wifi yako. Kalamu inakushinda kwa sababu mezani hakuna aliyekuuliza. Kwenye simu yupo. Tafuta ujumbe ambao wifi aliuliza kitu kimoja, kwa mfano mbona omena yake ina mchanga, uliandike swali hilo juu kabisa ya karatasi. Hilo ndilo utakalojibu, si jingine.

Ila kwanza angalia kama maongezi yenu yamewekewa kujifuta. WhatsApp hufuta baada ya saa 24, siku 7 au siku 90, na hata ukizima leo, zile jumbe zilizotumwa kabla hujazima bado zitapotea.

Chukua sauti za dakika 10, zisizidi. Kuzisikiliza na kuziandika neno kwa neno, pamoja na "aa" na "unajua", tenga saa nzima. Tumia daftari lililofunguliwa: ukurasa wa kushoto uandike yalivyotamkwa, wa kulia uache mtupu. Dakika 10 hujaza maneno kama 1,000. Marudio yakiondoka utabaki na karibu nusu, na hiyo ni makala tosha.

Kazi yenyewe iko upande wa kulia. Maongezi hujaa maneno yanayoegemea mnachokijua nyinyi wawili: "ile", "pale", "yule", "juzi", "si nilikwambia". Yapigie mstari yote. Tuseme kushoto pana haya:

"Wewe, ile ya juzi ilishika mchanga, si nilikwambia uweke kwa ile wavu pale juu, na ukiona wingu unatoa mbio."

Msomaji wa Busia hajui ile ni ipi wala juu ni wapi. Kulia andika:

"Omena ikianikwa chini, mchanga unaingia nayo guniani. Tandika wavu juu ya kichanja cha miti kinachofika kiunoni. Hewa inapita chini na juu, inakauka upesi. Ukiona wingu, itoe mbio, maana iliyonyeshewa inaoza na mwisho wake ni kuuzwa kama chakula cha kuku."

Mbio zimebaki, kwa sababu ndivyo unavyosema. Kilichoongezeka ni sababu. Wifi hakuihitaji, anaijua. Mgeni asipopewa sababu ataanika apendavyo. Na tafadhali usije ukaandika "Uanikaji bora wa omena ni nguzo muhimu ya biashara". Hiyo ni sauti ya semina, na hakuna aliyekuja sokoni kuiuliza.

Vipimo ndivyo huharibu zaidi. Gorogoro, ule mkebe wa kupimia sokoni, likijaa mahindi ni kama kilo 2, lakini omena kavu ni nyepesi. Ukiandika "gorogoro" bila maelezo, mgeni atapiga hesabu ya mahindi na kununua kwa hasara. Jaza gorogoro mara tatu, pima kwa mizani kila mara, andika wastani. Bei nayo iandikie mwezi na mwaka, au usiitaje.

Ukimaliza, msomee wifi kwa simu. Usimuulize kama ni nzuri. Atasema ni nzuri. Muulize ni lipi hakusema, ni lipi hataki lijulikane, na ni wapi angekuuliza tena. Jibu la hilo la tatu ndilo aya inayokosekana.

SWALI: Niliandika jinsi rafiki yangu alivyojinasua kwenye mikopo ya simu. Nilibadilisha jina lake, lakini watu wamemtambua na sasa hanisemeshi. Nilikosea wapi? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Makala yako tumeisoma na hatutairudia hapa. Chukua mtu wa kubuni: fundi wa pikipiki, baba wa mapacha, aliyeuza friji kulipa deni. Mafundi mtaani ni wengi, wenye mapacha ni wachache, aliyeuza friji ni mmoja. Jina la nini tena?

Dawa yake ni kuondoa, si kubadilisha. Ukimgeuza fundi awe mwalimu umeharibu somo, kwani fundi hupata pesa kwa siku na mwalimu kwa mwezi, na deni la kila mmoja lina mwendo wake. Bakisha tarakimu zinazobeba somo, yaani deni, riba na miezi. Futa watoto, mtaa na friji. Futa pia ule msemo wake ambao kila mtu kijiweni anaujua.

Katiba ya 2010, kifungu cha 31, hulinda faragha ya mawasiliano. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huhesabu habari za mali, ndoa na majina ya watoto wa mtu kuwa data nyeti. Soga za nyumbani haizigusi. Kuchapisha ni jambo jingine.

Ondoa makala leo, kisha mwendee ana kwa ana. Usiandike samahani ya hadharani, maana waliokuwa wakikisia tu utakuwa umewathibitishia.

SWALI: Kwenye kikundi chetu cha wakulima, mwenzetu alieleza vizuri sana jinsi desmodium, mmea wa malisho, inavyozuia striga, gugu linalonyonya mizizi ya mahindi. Naweza kuchapisha maelezo yake? – Mkulima, Kakamega

JIBU: Wazo ni la wote, maneno ni yake. Kupanda desmodium katikati ya mistari ya mahindi unaweza kueleza kwa maneno yako bila ruhusa ya mtu. Lakini Sheria ya Hakimiliki ya 2001 huhesabu hata barua kuwa kazi ya fasihi, na haki hiyo hudumu miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Wingi wa watu kikundini hauubadilishi ujumbe kuwa wa umma.

Muombe faraghani, kwani kikundini ataona haya kukataa. Mtumie aya yenyewe: "Nataka kuchapisha maneno haya, kwa jina lako au bila jina. Unasemaje?" Akinyamaza, hajakubali. Picha ya skrini usitumie kabisa. Nambari za wengine zitaonekana.

SWALI: Tukiongea tunachanganya Kibukusu na Kiswahili. Nitafsiri yote? – Bungoma

JIBU: Hapana. Jina la mbegu, chombo au ugonjwa wa mifugo liache, ulieleze mara moja linapojitokeza. Methali iandike kwa Kibukusu, utoe maana yake, wala usihangaike kuitafutia pacha wa Kiswahili. Wakifanana mno, ujue mmoja amelazimishwa.